Mtumishi Mwenye Uso wa Tamiti

Senbi hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na nguo ya pili ya kuvaa ile ya kwanza inapofuliwa. Hakuwa na muhuri, maana muhuri ni wa mtu mwenye kitu cha kufunga. Hakuwa na mtoto. Tangu mafuriko yaliyopita hakuwa na mke pia, na hata kaburi la mke huyo hakuwa nalo, kwa sababu Tamiti alizikwa kama tunavyozikwa sisi watu wa matope: mkeka, mchanga, na mawe juu yake ya kuzuia mbweha.

Alichokuwa nacho ni mikono. Alifinyanga watumishi wa udongo, wale wa urefu wa shibiri wanaolazwa kaburini pamoja na wakubwa. Kazi yao inajulikana. Ng'ambo ya kifo kuna mashamba ya kulima na mchanga wa kubeba, na watu huitwa huko kama wanavyoitwa hapa. Likitajwa jina la mkubwa, mtumishi wa udongo husema, "Nipo," naye mkubwa hubaki kivulini. Maskini hujiitikia mwenyewe.

Alipofariki Bwana Userhati, msimamizi wa maghala, watu wake walimwagiza Senbi kikapu kizima. Akiwa kazini, wazo likamjia. Mtumishi mmoja akampa uso wa Tamiti: mashavu mapana, kovu juu ya nyusi. Akamtia jembe mkononi, akamchorea maneno ya kuitika kama wenzake, akamchoma tanuruni. Aliona amefanya la maana. Uso wa mkewe ungelala ndani ya mwamba, penye ubani na mikate.

Kaburi likafungwa. Haukupita muda, mtungi wa maji uani kwa Senbi ukawa unakutwa mtupu asubuhi. Kisha zikaonekana nyayo mbichi, kutoka mlangoni hadi mtungini na kurudi. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Kidole hicho Tamiti alikikata kwa jembe alipokuwa msichana.

Senbi akamwita mama mkwe wake, Ipu. Bibi akazitazama nyayo, akaketi palepale chini.

"Ana kiu," alisema. "Umemfanya nini mwanangu?"

Senbi akamweleza habari ya ule uso, tena kwa fahari kidogo.

"Kumbe hata kichwa chako umekifinyanga mwenyewe," Ipu akasema. "Maskini huitwa zamu yake, akaimaliza, akapumzika. Wewe umembebesha na zamu ya bwana. Maisha yake yote kafua nguo za nyumba ile. Sasa kafa, na bado yumo kwao."

"Nilitaka akae pazuri, Mama."

"Akae? Ulimpa jembe."

Ikafika sikukuu ya bonde, siku ambayo jamaa za wakubwa huenda kula na wafu wao. Senbi alijipenyeza kati ya wachukuzi wa mikate, akasimama nyuma ya ua wa kaburi la Userhati. Jua lilikuwa la utosi. Ankhu, kuhani wa kaburi, akamimina maji na kuita, "Userhati, njoo ule."

Kutoka kwenye ufa mwembamba wa ukutani, ule wa kupitishia ubani, sauti ikajibu, "Nipo."

Ilikuwa sauti ya mwanamke anayenyoosha mgongo, mkono kiunoni. Jamaa za marehemu waliendelea kugawana bata. Ila mkono wa Ankhu ulisita, maji yakamwagikia miguuni pake.

Watu walipoondoka, Senbi alimfuata. "Umesikia."

"Mwangwi, fundi."

"Mwangwi hurudisha ulichosema. Wewe ulisema, njoo ule."

Ankhu akajifuta miguu. "Kaburi halifunguliwi. Nitakatwa pua."

"Lisifunguliwe. Nataka kumpelekea Userhati barua."

"Bwana mkubwa? Hata salamu yako hakuipokea alipokuwa hai."

"Alikuwa na mabawabu. Kule hana, ila wale niliowafinyanga mimi."

Ankhu akamwambia arudi kesho yake.

Senbi akafinyanga mtumishi wa mwisho, mwenye masikio makubwa na pua iliyopinda kama yake. Ipu alimwangalia akimtia jembe.

"Wewe u hai," bibi alisema. "Ukiitwa utaendaje?"

"Nitakwenda nikilala. Huoni wangapi mtaani kwetu huamka wamechoka?"

Bibi hakucheka. Alimsogezea kipande cha karatasi ya matete.

Senbi alijua maandishi ya kwenye sanamu tu, na humo hamna neno la kuomba. Akaandika kwa yale aliyokuwa nayo: *Ewe Userhati. Akiitwa mtumishi mwenye uso wa Tamiti, nipo mimi.*

Kesho yake, mbele ya ufa, aliikunja barua, akaifunga kwa uzi kifuani mwa sanamu, akabandika tonge la udongo juu ya fundo na kulikandamiza kwa dole gumba. Ankhu akaipitisha ufani, akaiachia. Wote wawili wakatega masikio waisikie ikigonga sakafu ya mwamba huko chini.

Haikugonga. Ilikuwa imeondoka mkononi mwa Ankhu taratibu, kama kitu kilichopokewa.