Mlimau wa Chunguni

Zamani hizo chai ilikuwa haijapandwa kwenye vilima vya huku kwetu, na mtu akitoka Marani kwenda Nyakoe alipita katikati ya mashamba ya wimbi na migomba tu. Ndipo Nyanchama alipoolewa na Momanyi, mwana wa mzee Omwenga. Wenzake walimbebea vikapu na vibuyu, lakini chungu kimoja alikataa kumpa mtu yeyote. Ndani yake mlikuwa na mlimau usiozidi urefu wa mkono, shina limepinda na kukomaa kama la mti wa miaka mingi.

Ulikuwa wa marehemu mama yake, Kemunto. Kemunto alikuwa mjane aliyehamishwa kutoka kipande hiki cha shamba hadi kile, kwa matakwa ya shemeji zake. Asiye na pake hupanda chunguni. Kila mvua zilipokaribia aliukata vilele ili mti usikizidi chungu. Alipokuwa akifa alimwambia bintiye, "Hili ndilo shamba langu. Litunze."

Nyanchama alilitunza, mpaka ndama alipokipiga chungu teke kikapasuka. Akanunua chungu kipya, kikubwa, cha kuhifadhia maji. Kisha akafanya vile kila mwanamke wa Kigusii anavyofanyia mgomba wake: akachota samadi zizini, ingali inafuka mvuke, akakijaza. Akauweka mti mlangoni juani, akaumwagilia asubuhi na jioni. Aliutendea kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Majani yakageuka manjano. Yakaanza kudondoka.

"Mokamwana, mke wa mwanangu," mama mkwe wake, Bathsheba, alimwambia, "unalilia malimau? Si yamejaa sokoni Nyakoe?"

Bathsheba alimtazama usoni, akaona kuwa si malimau anayoyalilia, akaenda jikoni. Alirudi na kiazi cha kuchoma, akamwekea mapajani.

Momanyi, mumewe, alikuwa kazini Kericho. Aliyejua miti pale nyumbani alikuwa mzee Omwenga, aliyetunza vitalu vya miche ya chai huko huko Kericho ujanani. Lakini baba mkwe hakanyagi mlango wa mke wa mwanawe. Hiyo ni ensoni, heshima ya wakwe, na Omwenga aliishika kuliko wengi: mwaka ule wa kwanza hakuwa amesema na Nyanchama ana kwa ana hata mara moja.

Asubuhi iliyofuata alikuja kuketi kando ya ghala, akichonga mpini. Mbuzi alikuwa amefungwa hapo.

"We mbuzi," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Umewahi kuona mgonjwa wa tumbo akilishwa nyama ya mafuta?"

Mbuzi alitafuna.

"Mjinga wewe. Mgonjwa hupewa uji mwepesi. Mgomba unaiweza samadi mbichi kwa sababu ni mlafi, kama wewe. Mti mdogo unaungua mizizi. Udongo wa msituni unatosha."

Nyanchama aliacha kufagia.

"Halafu ukilala kwenye dimbwi, kwato zitaoza. Chungu kisicho na tundu ni nini kama si dimbwi?" Akakohoa, akaondoka. Juu ya jiwe la ghala aliacha msumari mrefu.

Nyanchama alitoboa kitako cha chungu polepole, akihofia kukipasua. Alipoutoa mti alikuta mizizi mingi imekuwa myeusi na laini. Aliikata, akaurudisha kwenye udongo mweusi wa msituni.

Kesho yake mzee alikuwa na neno jingine. "Mbuzi, aliyevunjika mguu hatwishwi mzigo. Mtu humpunguzia." Nyanchama akaelewa, akapogoa matawi. Jioni mzee alijenga kibanda kidogo cha majani ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni kwa Nyanchama. Alisema ni cha mbuzi. Mbuzi hakulala humo hata siku moja. Nyanchama aliuweka mlimau chini ya kivuli hicho, na maji akawa haupi mpaka aguse udongo kwa kidole na kuukuta umekauka.

Majani yaliyobaki yalianguka yote. Kila siku alitazama fimbo tupu chunguni, akamwona mama yake akifukuzwa tena, safari hii na yeye mwenyewe.

Ni Bathsheba aliyekwaruza gome kwa ukucha. "Njoo uone. Ndani ni kijani. Subiri, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Mvua za masika zilipotulia, kichipukizi chekundu kilitokeza kwenye mpindo wa shina. Halafu kingine. Nyanchama alikata majani ya viazi, akampelekea mbuzi.

"Asante, mbuzi," alisema kwa sauti. "Mama yangu angekujua, angekupenda."

Nyuma ya ghala mtu alikohoa, akakohoa tena, na hakikuwa kikohozi cha kifua.

Mti ulichukua muda kuzaa. Limau la kwanza lilipoiva, moja tu, Nyanchama aliliosha akaliweka juu ya jiwe la ghala, pale msumari ulipokuwa, akarudi mlangoni kwake.

Mzee Omwenga alilishika, akalinusa kwa muda mrefu.

"Mbuzi hali limau," alisema. "Basi itabidi nimsaidie."