Kalkulasi ya Pili

Siku ya kuandikisha masomo chuoni, msichana mmoja alifika ukumbini mapema, akakuta foleni imeshajikunja mara mbili. Wenzake wa sekondari walimwita Kwanini, maana hakuwahi kuikubali kanuni yoyote kabla ya kuuliza imetoka wapi. Mkononi alikuwa na fomu yenye nafasi sita. Tano alishazijaza kwa kalamu ya wino. Ya sita, ya hisabati, ilikuwa bado tupu, na ndiyo iliyomnyima raha wiki nzima.

Mwaka wake wa mwisho wa sekondari, mwalimu wao wa hisabati alihamishwa na pengo lake halikuzibwa. Mjomba wake, aliyekuwa akisomesha hisabati shule nyingine, alijitwika mzigo huo. Kila Jumamosi alikuja kwa dada yake na kipande cha ubao, akakiegemeza kwenye cherehani ambayo mama alikuwa akishonea wateja wake, akamfundisha mpwawe kalkulasi: namna ya kupima kasi ya kitu kinachobadilika, na namna ya kupata eneo lililo chini ya mstari uliopinda. Matokeo yalipotoka, Kwanini alikuwa na alama ya juu kabisa. Mjomba alitembea na nakala ya matokeo yale mfukoni mwezi mzima. Hata kinyozi wake aliisoma.

Sasa chuo kilikuwa na kalkulasi tatu, moja juu ya nyingine kama ngazi. Mjomba alikwisha kuamua: mtoto aruke mbili za chini, aingie ya Tatu moja kwa moja. Mshauri wa masomo, bwana mpole aliyekuwa amezungukwa na mafungu ya fomu, alishauri kinyume chake. Aanze ya Kwanza, kama wanavyofanya wote wanaotoka shule za aina ile. Hakusema kwa dharau, ila pia hakumtazama usoni. Watu mia mbili walikuwa wakisubiri.

"Naomba siku mbili nifikirie," Kwanini alisema.

"Utapanga foleni upya."

"Nitapanga."

Alikwenda maktaba, akaomba mitihani ya zamani ya Kalkulasi ya Kwanza na ya Pili. Akakaa karibu na dirisha, akazima simu, akaweka saa mezani, akaifanya kana kwamba msimamizi amesimama nyuma yake. Ule wa Kwanza aliumaliza kabla ya muda na akakosea mahali pamoja tu. Wa Pili nao ulianza kwa kuteremka kama maji. Kisha akafika swali la tano. Lilihusu jumla zisizo na mwisho: ukiendelea kujumlisha vipande daima, je, jumla itatulia kwenye namba fulani, au itakua bila kikomo? Aliliangalia kama mtu aliyefungua barua isiyokuwa yake. Hapo akakumbuka Jumamosi moja mjomba alivyozifunua haraka kurasa hizo, akisema hazitokagi kwenye mtihani. Na kweli hazikutoka.

Kumwambia mshauri kwamba ataanza ya Pili lilikuwa jambo dogo. Kibarua kilikuwa kumwambia mjomba. Alikuja jioni ile ile, akasikiliza mpaka mwisho, kikombe chake cha chai kikipoa.

"Kwa hiyo unarudi nyuma," alisema.

"Sirudi nyuma, mjomba. Umenifundisha vizuri hadi mahali fulani. Nataka kuanzia hapo hapo."

Mjomba aliaga mapema kuliko kawaida yake, akaisahau kofia yake. Kwanini alitaka kumkimbilia, lakini mama alimzuia. Alimwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na atakayekilalia kitanda hiki miaka mitatu ni yeye, si mjomba.

Kesho yake alipanga foleni upya, akaandika Kalkulasi ya Pili. Mshauri alisoma, akainua macho kwa mara ya kwanza, akamuuliza nani kamshauri hivyo. Akajibu kwamba ni mtihani wenyewe. Bwana yule alitia sahihi.

Wiki tano za mwanzo zilikuwa nyepesi hadi akaanza kujilaumu. Rafiki yake wa sekondari, aliyerukia ya Tatu, alimtania kwamba amebaki na watoto. Wiki ya sita zikaingia jumla zisizo na mwisho, na katika jaribio la kwanza Kwanini akapata arobaini na moja kwa mia. Hakuwahi kupata alama kama hiyo maishani. Siku hiyo hakula. Kesho yake alibisha hodi kwa mhadhiri, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha jeshi, akauliza kwa nini, na kwa nini tena. Akawa anarudi kila Jumanne.

Wiki ya tisa, mhadhiri aliandika ubaoni: moja, jumlisha nusu, jumlisha thuluthi, jumlisha robo, na kuendelea bila mwisho. Akauliza kama jumla hiyo itatulia. Karibu darasa zima lilisema itatulia, kwa kuwa vipande vinazidi kuwa vidogo hadi kukaribia sufuri. Kwanini alikuwa ameinama akiandika. Baada ya muda akanyoosha mkono, akaenda ubaoni.

"Chukueni thuluthi na robo," alisema. "Thuluthi inaizidi robo, kwa hiyo zote mbili zinazidi robo mbili, yaani nusu." Akazizungushia mstari. "Zinazofuata ni nne: humusi, sudusi, subui na thumni, yaani moja ya tano hadi moja ya nane. Hakuna iliyo chini ya thumni. Kwa hiyo kwa pamoja zinazidi thumni nne. Nusu tena. Nane zinazofuata, nusu nyingine. Kumi na sita, nusu nyingine. Hizi nusu haziishi. Na ukijumlisha nusu zisizoisha, hakuna namba itakayoweza kuzizuia."

Mhadhiri alimuuliza amesoma wapi. Akasema hajasoma popote, ameona tu kwamba zinakubali kufungwa mafungu mafungu.

"Watu waliigundua njia hiyo karne nyingi zilizopita," mhadhiri alisema. "Leo umeigundua wewe." Kisha akawaambia wengine wanakili ubao kama ulivyo.

Mtihani wa mwisho Kwanini alipata tisini na sita, akawa wa kwanza kati ya wanafunzi mia moja na arobaini. Safari hii fomu aliijaza bila kumuuliza mtu: Kalkulasi ya Tatu, na juu yake somo la uthibitisho wa kanuni, ambalo wengi hulikwepa. Rafiki yake aliyekuwa akimtania alikuja kuomba daftari lake la Kalkulasi ya Pili. Alimpa, na Jumanne wakawa wanakaa pamoja.

Mjomba alimwomba aje shuleni kwake wakati wa likizo ya chuo, awaoneshe wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho ule uthibitisho wa nusu zisizoisha. Kwanini alipoanza kuandika, mjomba alikaa dawati la nyuma kabisa, magoti yakigonga ubao wa chini, daftari likiwa wazi mbele yake. Alinakili kila mstari. Alipofika kwenye fungu la vipande vinane akanyoosha mkono kama wengine, akauliza kwa nini. Kwanini akamweleza. Kengele ya mapumziko ilipolia, hakuna aliyesimama.