Siku Mbili za Mwalimu Teofili

Kama kulikuwa na mtu Ifakara aliyejua kufunga mdomo, ni Teofili, mwalimu wa dini. Wengine walisifiwa kwa kulima, wengine kwa kuimba. Yeye alisifiwa kwa kunyamaza. Wanawake waliokosana na waume zao, vijana waliowapa mimba mabinti wa watu, wazee waliochukiana tangu ujana, wote walikuja kukaa kwenye kigoda chake wakatoa ya moyoni, na kesho yake hata jirani wa ukuta mmoja hakujua kitu. Naye Teofili, tuseme ukweli maana hapa hatumpambi mtu, alijivunia. Alijivunia kupita kiasi. Akipita sokoni alitembea polepole, kama mtu aliyebebeshwa mayai ya mji mzima kichwani.

Basi mwaka hamsini na nne, mwezi wa sita, mpunga umeiva bondeni na ndege wamewatia watu wazimu, akamjia Donati.

Donati alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi kwenda ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Masika ya mwaka huohuo kiboko aliupindua mtumbwi wake katikati ya mto. Aliwaokoa wanaume wawili. Mwanamke mmoja, jina lake Kudra, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, hakuwawahi. Baraza lilikaa, jumbe akauliza, watu wakashuhudia, ikaonekana mtu hana kosa. Wote walimsamehe Donati, isipokuwa Donati mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Donati hakukaa mpaka alipopata alichotaka.

"Mwalimu, nina neno. Lakini kwanza uniahidi kwamba halitoki hapa."

"Umewahi kusikia neno limetoka hapa?"

"Niahidi."

Teofili akaahidi. Wala hakufikiri, kuahidi kwake ilikuwa kama kumpa mgeni maji.

"Nimechoka kuishi," Donati akasema. "Nikifumba macho namsikia yule mtoto. Nikifumbua namwona mama yake. Nangoja kumaliza kuvuna tu. Natalia ana mtoto mchanga, sitaki wabaki na njaa. Mpunga ukishaingia ndani, na mimi nitakuwa nimemaliza."

Alisema kwa upole, kama anayeagiza chumvi dukani. Teofili akamwambia yote aliyoyajua: Mungu ni mwema, siku huponya, sali rozari. Donati alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaaga. Aliondoka na uso mwepesi kuliko aliokuja nao, na wepesi ule ndio uliomtia Teofili hofu.

Jumapili baada ya misa, nje ya kanisa, habari ilikuwa moja tu. Mmeliona shamba la Donati? Peke yake, siku tatu, amekwisha kata robo tatu. Huyo sasa amepona. Vijana wetu wavivu wakajifunze kwake. Hata Natalia, mkewe, mtoto mgongoni, alikuja kumwamkia mwalimu akiwa na furaha usoni. "Mume wangu anatoka kabla ya jogoo," akasema. "Ananiambia nikae tu nyumbani nianike. Ameanza kuwa mtu tena, Mwalimu. Namshukuru Mungu."

"Tumshukuru," Teofili akajibu, akaaga upesi.

Akarudi kwa njia ya mashambani, ingawa ni ndefu. Akamwona Donati ameinama, kisu mkononi, anakata suke kwa suke, hanyooshi mgongo, hapigi mluzi, hawafukuzi hata ndege. Katika bonde zima watu walikuwa wanaona bidii. Teofili peke yake alikuwa anaona siku zinavyopungua.

Akili ikamwambia aende kwa Muhidin. Muhidin alikuwa karani wa baraza, mtu wa asili ya pwani, mpenda kahawa, na sheria za serikali alizijua kama wengine wanavyojua jamaa zao. Alimkuta mlangoni kwake, kikombe mkononi.

"Bwana Karani, nina swali tu. Si la mtu yeyote."

"Maswali yako huwa si ya mtu yeyote, Mwalimu. Uliza."

"Mtu akitaka kujiua, sheria inasemaje?"

Muhidin akaweka kikombe chini. "Akifa, hana kesi. Akijaribu asife, ana kesi. Anapelekwa Mahenge kwa Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, na kifungo kipo."

"Na mtu aliyejua kabla?"

"Kama alimsaidia, ole wake. Kama alijua tu akanyamaza, sheria haina neno naye."

"Na akienda kumwambia jumbe?"

"Jumbe ataandika. Kikishaandikwa, hakifutiki. Watakuja na pingu kumfariji."

Teofili akafikiri. "Kwa hiyo anayenyamaza yuko salama."

"Salama kabisa," Muhidin akasema, akachukua kikombe chake. Halafu akamtazama kwa muda mrefu kuliko swali lile lilivyostahili.

Salama kabisa. Maneno mawili tu, na Teofili alikesha nayo. Yalikuwa maneno mazuri, ya kumfaa mtu yeyote mwenye mke na watoto, lakini kila alipojigeuza kitandani yalimchoma ubavu mwingine.

Jumatatu asubuhi hakugusa uji. Mkewe Scolastica alimtazama akikoroga, akikoroga, mpaka akachoka kumtazama.

"Baba Antoni, uji umepoa."

"Sina njaa."

"Jana pia hukuwa na njaa. Kuna mtu amekubebesha neno." Teofili akanyamaza, huo ndio uliokuwa ufundi wake. "Sikuulizi ni nani," Scolastica akaendelea. "Nauliza hivi: neno hilo linamuumiza tu, au litamuua?"

"Niliahidi, Mama Antoni."

"Aa. Kumbe litamuua." Akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Wewe ulipewa lini upadri? Ilikuwa misa ipi hiyo ambayo mimi sikualikwa? Siri ya kitubio ni ya padri. Wewe ni mwalimu wa dini, tena wa kunifundisha Baba Yetu ambayo niliijua kabla yako."

"Watu wananiamini kwa sababu sisemi."

"Wanakuamini, sawa. Sasa huyo akifa, anayeitwa kuzika ni nani? Si wewe? Na kwa kifo cha namna hiyo kengele haipigwi, sala hazisomwi. Utasimama pale na ahadi yako, mkewe anakutazama. Utamwambia nini? Kwamba jina lako bado zuri?"

Teofili alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira mahali pote, hakuipata. Alichokipata ni aibu. Alinyanyuka, akasahau kofia, akaenda.

Natalia alikuwa anatandaza mpunga kwenye jamvi. Teofili hakuzunguka. Alimwambia maneno ya Donati yote, kama yalivyosemwa, la kuvuna na la kumaliza. Natalia hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Shambani kumebaki kiasi gani?"

"Nimepita sasa hivi. Kona moja. Jua likifika utosini atakuwa amemaliza."

Akamfunga mtoto mgongoni, akawaachia kuku mpunga wote, akaondoka mbio, Teofili nyuma yake.

Walimkuta Donati akiikaribia ile kona ya mwisho. Natalia akampita bila salamu, akaingia katikati ya mpunga uliosimama, akamshusha mtoto mgongoni, akakaa chini naye.

"Hapa hapavunwi," akasema. "Leo hapavunwi, na kesho hapavunwi. Ukitaka kumaliza, utuvune na sisi."

Donati alisimama na kisu chake. Kisha akainua macho, akamwona Teofili juu ya tuta la jaruba, na akaelewa.

"Mwalimu," akasema, "kumbe wewe ni mwongo."

"Ndiyo," Teofili akajibu. "Nimekudanganya. Njoo unipige, lakini usiende peke yako mahali popote."

Donati hakuja kumpiga. Kisu kilimtoka mkononi, akakaa palepale kwenye mabua, akalia. Tangu siku ya mtumbwi hakuwa amelia hata mara moja. Natalia akasogea, akampakatisha mtoto, na mtoto, kwa kuwa hakujua lolote, akaanza kumvuta sikio.

Kaka zake Donati wakaitwa. Wakawa wanapokezana: mmoja analala kwake, mmoja anatembea naye, mwingine anavusha watu badala yake. Kila Ijumaa Teofili alikuwa anakwenda kukaa nao, na Donati alikuwa hamsemeshi. Ile kona ikaachwa, ndege wakaila. Na huwezi kuwaachia ndege mpunga mbivu katika bonde hili watu wasiulize. Wakauliza, wakaambiwa nusu, nusu nyingine wakaitengeneza wenyewe. Mwezi haukuisha, tarishi wa jumbe akaja: Donati anaitwa barazani, na Mwalimu Teofili awe shahidi.

Jumbe hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na kofia ya serikali na aliipenda. Aliogopa Bwana Shauri asije akasikia kwamba kosa limefichwa chini yake. Watu walijaa mpaka nje. Teofili akashika Biblia, akaapa.

"Donati alikuambia anataka kujiua?"

Wengi walingoja afanye kazi yake ya kunyamaza. Donati alikuwa anatazama sakafu.

"Aliniambia amechoka kuishi," Teofili akasema. "Aliniambia atamaliza kuvuna, kisha naye atakuwa amemaliza."

Manung'uniko yakapita barazani. Muhidin aliyekuwa anaandika akaiinua kalamu, akangoja.

"Kwa hiyo alijaribu," jumbe akasema.

"Hakujaribu. Hakupata nafasi. Mkewe alikuwa ameikalia."

"Ulijua siku gani?"

"Jumamosi."

"Ukasema siku gani?"

"Jumatatu."

"Hizo siku mbili ulikuwa wapi, Mwalimu?"

Teofili angeweza kusema alikuwa anasali, na watu wangekubali. "Nilikuwa natunza jina langu," akasema. "Mtu alikuwa anakufa, mimi nikaenda kuuliza kama niko salama. Nikaambiwa niko salama. Kama kuna wa kushitakiwa hapa, mzee, andika mimi."

Muhidin akakohoa. "Mheshimiwa jumbe, sheria inataja aliyejaribu. Aliyechoka haikumtaja. Na aliyechelewa pia haikumtaja. Mimi sina cha kuandika." Akaweka kalamu juu ya karatasi tupu. Jumbe akaitazama karatasi ile, akaona kwamba kofia yake haimo hatarini, akafunga shauri.

Donati akatoka mzima na huru. Alipita mbele ya Teofili bila kumtazama.

Na watu je? Watu walikwenda zao na siri zao. Mwalimu ametangaza neno la mtu barazani, tena chini ya kiapo, nani tena atampelekea lake? Kigoda kikakaa tupu mwaka mzima. Scolastica akakitumia kukalia akipepeta mchele. Teofili alifundisha, alizika, alibatiza wenye hatari ya kufa, na akipita sokoni alitembea haraka kama watu wengine. Iliuma, wala hakusema kwamba haiumi. Lakini kila alipofika mtoni akamwona Donati yuko kwenye mtumbwi, anagombana na abiria kuhusu mizigo yao, alirudi nyumbani akala vizuri.

Mwaka wa pili, siku moja ya kiangazi, Donati akasimama uani kwake. Hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuwapo mtu mzima mmoja, Wendelin, mkulima wa Mngeta, aliyekuwa amezika mke na watoto wawili ndani ya mwezi mmoja. Macho yake yalikuwa yamekauka na uso wake ulikuwa mtulivu sana.

"Karibuni," Teofili akasema, akakisogeza kigoda.

Donati hakumjibu yeye. Alimshika Wendelin mkono, akamketisha.

"Mwambie huyu yote," akasema. "Usimwombe ahadi. Huyu hawezi kutunza siri."

Kisha akatafuta kigoda kingine, akakaa karibu na Wendelin.