Mguu wa Koki na Mashine ya Mahudhurio

Mashine ya kusoma alama za vidole ilipofungwa mlangoni pa idara ya maji, mlinzi alikuwa wa kwanza kuitia ila.

"Mnaona inavyowaka? Mnadhani inakula nini?"

"Umeme," akajibu karani wa malalamiko, mama mmoja asiyekopesha maneno.

"Umeme si unakatika kila siku? Yenyewe inawaka tu! Inanyonya watu, nyie. Na mwanaume inamwanzia kwenye zile nguvu zake."

Fundi bomba waliyemwita Koki alicheka kuliko wote, kisha akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa bwana harusi kwa mara ya pili. Mke wa kwanza alimwacha bila mtoto, akatangaza mtaa mzima kwamba shamba halikuwa na neno, jembe ndilo butu. Sasa kapata mke mwingine, na usiku hakuwa akiomba kingine ila mtoto. Leo ije mashine ya serikali immalize?

Siku ya kuandikishwa akamdanganya fundi wa mashine kwamba saruji imemla alama za vidole vyote vya mikono.

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Chukua dole gumba la mguu."

Fundi wa watu alikuwa na njaa. Akachukua.

Kumbe mashine imefungwa usawa wa kifua! Kila asubuhi Koki akawa anavua buti, anashika bega la karani, anarusha mguu ukutani kama mbwa anayekojolea nguzo. Foleni nzima inaziba pua.

"Shemeji yetu anajua unayoyafanya huku?" karani akamuuliza.

"Mguu uko mbali na mambo yale."

"Mbali? Hebu inama utazame vizuri, baba."

Asubuhi moja sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Mguu wa kulia ukapanda ukutani, wa kushoto ukaenda zake. Koki akapasuka msamba, nyonga ikalia kama tawi kavu.

Hospitali daktari akamwambia alale chali, asifanye kazi yoyote nzito.

"Hata ile ya nyumbani?" Koki akanong'ona.

"Hiyo ndiyo usiiguse kabisa."

Koki akageukia ukuta akalia. Mkewe alikuwa ameshasimuliwa yote na karani. Akacheka mpaka akashika kitanda.

"Mume wangu, ungeniuliza. Mimba hii niliipata mwezi mmoja kabla ya mashine yenu. Nilikuwa nasubiri itulie ndiyo nikwambie."

Koki akataka kuruka. Nyonga ikamrudisha kitandani.

Aliporudi kazini kwa magongo, tumbo la mkewe limeshaonekana na habari imemtangulia. Mlinzi alikuwa mlangoni, buti lake mwenyewe mkononi, mguu mmoja peku.

"Si niliwaambia? Asiyetumia kidole cha mkono anazaa!"

"Mimba ilikuwepo kabla, we mjinga!" Koki akafoka. Akaweka mkono kwenye mashine mbele ya wote. Mashine ikamkataa, maana haikumjua kwa mkono.

"Mnaona?" mlinzi akasema. "Hata yenyewe haimtaki tena."

Mkuu wa idara, mtu wa tai na digrii zake, aliyekuwa na mabinti watupu, akamvuta Koki pembeni na kuangalia huku na huku.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "ukitaka wa kiume, ni mguu wa kulia au wa kushoto?"