Ghorofa ya Nicanor

Mwili wa Nicanor ulikuwa utoke mochari ya Homa Bay Alhamisi, na mpaka Jumatano mchana watu wa ukoo walikuwa bado wanabishana atatolewa nyumba gani kwenda kaburini. Alikuwa fundi wa mawe aliyewajengea watu nusu ya nyumba za Kosele, na yeye mwenyewe hakuwa hata na simba, kama Wajaluo wanavyoiita nyumba ndogo ya kijana. Alikuwa akilala jikoni kwa mama yake. Kwa watu wa huko mwanamume hutolewa kwenye nyumba yake mwenyewe kwenda kuzikwa, na hilo si jambo la kupuuza.

Austine, mdogo wake, alikuwa na msiba mwingine ambao aliona haya hata kuufikiria. Ulikuwa juu ya meza sebuleni: mfano wa jengo la ghorofa kumi na mbili, wa kadibodi, kazi yake ya mwisho katika darasa la usanifu majengo huko Rongo. Alikuwa amefika ghorofa ya kumi. Somo hilo alishaanguka mara moja, na akianguka tena ni kufunga virago. Mwalimu wake, Madam Bonareri, alikuwa amemwambia kwenye simu, "Pole sana, Austine. Nakuongezea mpaka Monday. Lakini Monday nataka kuona model, si hadithi."

Jengo hilo hakulijenga peke yake. Nicanor alikuwa akirudi kazini jioni, ananawa simiti mikononi, kisha anaketi na wembe kukata madirisha, moja baada ya jingine, kwa vile vidole vyake vinene.

"Omera, ndugu yangu, madirisha yote haya na jiko hakuna?" alikuwa akimtania. "Watu wako watapikia wapi?"

Halafu homa ikampata, akapelekwa Homa Bay, na sasa angerudi kuzikwa. Sasa Austine hakuweza kuyatazama madirisha yale, na kila alipoinua macho aliyaona.

Nje uani, Baba Maranga, mdogo wa marehemu baba yao, alikuwa amechoka na mabishano.

"Hakujenga," alisema. "Leo tutamsimamishia kibanda cha mabati, atolewe humo. Lakini kaburi litakuwa kando, pale kwa ua, kama la mtoto. Hatuwezi danganya watu."

Mama yao, Adhiambo, aliyekuwa hajatoa chozi tangu kifo, aliinuka kwenye mkeka.

"Alijenga!"

"Alijenga wapi, Min Nicanor?" Baba Maranga alimuuliza mama wa marehemu.

Aliingia ndani, akatoka amelikumbatia lile jengo. Mama aliliweka juu ya nyasi mbele ya watu wote, taratibu, asivunje kitu.

"Hii hapa. Nimemuona na macho yangu. Kila jioni alikuwa anajenga."

Watu waliinama kutazama. Hakuna aliyecheka, na Austine alitamani acheke hata mmoja tu, mambo yaishe. Baba Maranga alilizunguka jengo, akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye mlango wa chini. Kisha akamgeukia Austine.

"Wewe ndiye umesoma. Sema ukweli. Hii ni nyumba ya nani?"

Ni yangu, alitaka kusema. Ni ya shule. Kila mstari aliuchora yeye, na hata asipolala hataweza kujenga jingine kufikia Jumatatu. Alikasirika. Alimkasirikia Nicanor aliyewajengea wengine akajisahau, akamkasirikia mama kwa kumweka mbele ya ukoo namna hii, akajikasirikia kwa kuhesabu masomo ndugu yake akiwa mochari. Mama alikuwa amelishika jengo kwenye kona, kama anayemshika mtoto anayejifunza kusimama. Hakumtazama Austine. Aliogopa jibu.

"Ni ya Nicanor," Austine alisema.

"Basi iezekwe," Baba Maranga alisema. " Mtu hatolewi kwa nyumba haina paa. Na ikishaezekwa haitoki hapa. Nyumba ya marehemu hakuna mtu anabeba."

Austine alichukua kadibodi aliyoiweka kwa ghorofa mbili zilizobaki, akakata paa kwa wembe uleule. Akalibandika juu ya ghorofa ya kumi. Mabati yakasimamishwa kulizunguka jengo, na Ijumaa jeneza likatolewa humo, Nicanor akazikwa mahali pa wanaume. Ndipo mama alipolia.

Jumamosi mvua ilinyesha mchana kutwa. Mabati yalikuwa ya zamani, yenye matundu ya misumari. Austine alikwenda na karatasi ya nailoni, akasimama mlangoni akitazama maji yakidondoka juu ya paa lake, kadibodi ikivimba, ghorofa za chini zikianza kuinama. Hakujua kama anaruhusiwa kulifunika jengo. Alirudi na karatasi yake.

Jumatatu wenzake walipanga majengo yao juu ya meza, wakipuliza vumbi na kurekebisha miti ya sponji. Madam Bonareri alipita akiandika alama, mpaka akafika kwenye meza tupu.

"Austine. Model iko wapi?"

"Iko nyumbani, Madam."

"Si tulikubaliana? Uliimaliza ama hukuimaliza?"

"Niliimaliza. Niliweka hata paa."

"Basi mbona hukuileta?"



"Ina mwenyewe," alisema. "Ameshahamia."

Madam Bonareri aliitazama ile meza, kisha akaandika kitu kifupi mbele ya jina la Austine na kwenda meza iliyofuata.