Wafanyakazi wa Patrisi

Siku ya tisa baada ya kumzika mumewe, Penina alifungua gesi jikoni, akawasha kiberiti, na njiti ikaungua mpaka ikamfikia kidoleni. Hakuna kilichowaka.

Kwa miaka minne jiko lile halikuwahi kumwangusha. Mavi ya nguruwe kumi na wawili yaliteremka kwa maji hadi kwenye mtambo wa biogesi uliofukiwa nyuma ya banda. Gesi ilikuja jikoni kwa bomba, na tope lililobaki lilikwenda kwenye mahindi bila kumkera mtu. Sasa tope lilitoka bichi, likafurika, likashuka hadi kijitoni.

Wa kwanza kugoma walikuwa ndama wa Lesiamon, mfugaji mzaliwa wa Kakesio aliyeoa Karatu na kujenga boma lake ng'ambo ya kijito. Alisimama nje ya uzio, pua ameiziba kwa shuka.

"Mama Modest, pole tena na msiba. Lakini ndama wangu hawanywi supu ya nguruwe."

"Nimesikia, baba."

"Marehemu alifanyaje? Enzi zake nilikuwa nasahau kama hapa kuna nguruwe."

"Hata mimi najiuliza."

Bwana afya wa kata naye akafika. Hakuwa mkali, ila neno lake lilikuwa moja: katika wiki tatu tope likome, la sivyo nguruwe waondoke. Penina aliitikia kwa kichwa. Tangu mazishi, bandani ndipo pekee alipohisi kwamba Patrisi ametoka kidogo tu na atarudi. Fagio lake lilikuwa palepale mlangoni. Wakiondoka nguruwe, angemfuata wapi kila asubuhi?

Alichimba shimo la kuzuia tope, kisha akampigia simu fundi aliyejenga mtambo, ambaye siku hizi alikuwa Babati.

"Mama, mmetia nini humo?"

"Mavi na maji tu."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Alisema hivyo kwa moyo safi. Lakini alipoinama kufagia, harufu ya dawa ya chooni ikamjia, na pembeni akaona chupa tupu, tano, zimepangwa vizuri. Wifi yake Antonia ndiye aliyezileta wakati wa msiba. "Wageni wanatoka Mbulu," alisema. "Hawatasema kaka yangu aliishi kwenye uchafu." Akina mama wa jumuiya wakasugua banda kwa sabuni na dawa siku saba, na walipoondoka Penina akaendelea, maana lilipendeza.

Patrisi alikuwa akiosha banda kwa maji matupu. Waligombana kwa hilo zaidi ya mara moja. "Mke wangu," alikuwa akisema, "mle chini kuna wafanyakazi wangu. Ukiwapa sabuni, watakufa wote." Penina alicheka. Alidhani ni uvivu uliotafutiwa maneno.

Akampigia fundi tena.

"Basi umewaua, mama. Hao wadudu ndio wanaotengeneza gesi. Acha dawa. Tafuta mavi ya ng'ombe, mabichi, ndoo nyingi. Yatakuletea wengine."

Penina hakuwa na ng'ombe. Akavuka kijito.

Lesiamon alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mavi ya ng'ombe yaende kuokoa mavi ya nguruwe! Wazee wa Kakesio wakisikia, watanikana." Asubuhi yake punda wawili walisimama kwenye uzio, wamebeba madumu yaliyojaa.

Antonia alikuja kusaidia kukoroga. Alikoroga ndoo ya kwanza, akanyoosha mgongo.

"Wifi, kumbe mimi ndiye niliyeharibu kazi yake."

"Ulikuwa unamsafishia kaka yako. Leta ndoo."

Mavi ya nguruwe hayakuingia tena mtamboni kwa siku zile. Waliyachanganya na makapi ya maharage, wakayafunika kwa turubai yaive kuwa mboji. Siku ya kumi tangu watie mavi ya ng'ombe, gesi ilisikika ikipumua, lakini ilizima kiberiti. Penina hakulala vizuri. Siku ya kumi na saba alijaribu tena, uso ameugeuzia pembeni, asitake kuona.

Alisikia kwanza. Kisha akageuka: moto wa bluu, mdogo, umetulia.

Akaketi chini palepale sakafuni na kulia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba kilio kile hakikumwumiza.

Bwana afya alipokuja alichungulia shimo lililokauka, akanusa, akaondoka na mboga za majani. Ndama walikuwa wakinywa. Lesiamon alikaribishwa chai, akalitazama jiko kwa mashaka.

"Moto huu ni wa nguruwe au wa ng'ombe?"

"Umechanganyika."

"Basi mimi nakunywa upande wa ng'ombe."

Alimaliza vikombe viwili. Alipokwenda zake, Penina alichota ndoo ya maji matupu, akachukua fagio la Patrisi, akaingia bandani.

"Wapo," alisema kwa sauti ya kawaida. "Wanafanya kazi."