Vifaa vya Mama Mkwe

Sikio alikuwa fundi wa kunasa sauti. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu aliweza kusikia friji ya jirani ikiunguruma huku yeye mwenyewe anaoga. Kitu pekee ambacho hakuwahi kukisikia ni mwajiri akitaja malipo ya vifaa.

Asubuhi hiyo alikuwa ofisini kwa Bosi Familia, mtengenezaji wa matangazo aliyepata jina lake kwa kumwambia kila anayempunja kwamba hapa sisi ni familia. Kazi ilikuwa tangazo la magodoro. Sikio alitakiwa aje na kinasa sauti chake, maiki zake, nyaya zake na betri zake, kisha alipwe kama mtu aliyekuja mikono mitupu.

"Bosi, maiki kubwa ilinyeshewa kwenye kazi yako ya mwezi uliopita," Sikio alisema. "Siku hizi inakoroma. Tukienda hivi, mwisho wa mwaka nitakuja kunasa kwa mdomo."

"Ndugu yangu, vifaa si ni vyako? Mtu anajitoza kodi kwenye nyumba yake mwenyewe?"

Sikio alifungua mdomo atoe ukweli, kikatoka kitu kingine. "Si vyangu. Ni vya mama mkwe."

Bosi Familia alikaa vizuri kwenye kiti. Fundi unaweza kumzungusha, hata benki unaweza kuizungusha. Mkwe wa mtu ni habari nyingine. "Basi kesho aje tuongee," alisema, kama mtu anayeomba majibu kwa daktari.

Mama mkwe alikuwa na biashara ya kukodisha viti na maturubai. Sikio alimkuta uani anapangusa viti vya plastiki. Akasimama kwa adabu, macho chini, akamweleza uongo wote tangu mwanzo.

"Mimi sisemi uongo, baba," mama mkwe alisema, bila kuacha kupangusa. "Na umri huu nianze leo? Niuzie. Vikiwa vyangu kweli, nitaongea kweli."

Akatoa noti moja, ya kutosha mkate bila siagi. Mke wa Sikio alishuhudia mauzo hayo kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Hakucheka, jambo ambalo lilipaswa kumtia mumewe wasiwasi.

Kesho yake mama mkwe alifika kwenye kazi, akaweka sanduku la vifaa chini, akalikalia.

"Shikamoo, mama," Bosi Familia alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka mashine zangu?"

"Ndiyo, mama. Ila sisi hapa ni familia..."

"Ya nani?"

Bosi Familia akaangalia godoro. Juu yake mwigizaji alikuwa ameshalala usingizi wa kweli.

"Huyu kaoa binti yangu," mama mkwe aliendelea. "Wewe kwetu sikukumbuki."

"Lakini mama, huyu si namlipa?"

"Mlipe, ana tumbo. Na mashine nazo zina tumbo. Zinakula betri, zinakula fundi, zinachakaa. Kiti changu kikienda harusini kinalipiwa hata kama hakuna aliyekikalia. Na kikirudi bila mguu, mguu unalipwa. Bila hivyo sanduku halifunguki."

Mpiga picha, ambaye naye alikuja na kamera yake mwenyewe, akasogea taratibu.

"Mama, samahani. Kamera unanunua?"

"Na taa je?" akauliza mtu wa taa.

Bosi Familia alitazama kikosi chake chote kikipanga foleni ya kuuzwa kwa mwanamke mmoja. Akapiga hesabu, akaona atalipa mahari bila kuoa. Akasema basi, jamani, basi, kila mtu atalipiwa vifaa vyake pembeni, na kianzio kinatoka sasa hivi. Mama mkwe akainuka kwenye sanduku.

Jioni malipo yalitoka. Sikio alipewa ya siku yake. Ya vifaa alipewa mwenye vifaa.

"Mama," Sikio alimwambia wakiwa getini, "zile hela nyingine..."

"Kesho maiki inaenda kwa fundi. Zinazobaki ni za kununua nyingine."

"Nilikuwa nafikiri nivinunue tena."

"Karibu. Ila bei imepanda."

"Tangu jana?"

"Jana vilikuwa haviingizi kitu, baba."

Sikio alitafuta neno la kubembeleza, akakumbuka anaongea na nani. Akalibeba sanduku begani.

"Polepole," mama mkwe alisema. "Ukivunja unalipa."

"Na kubeba, mama, nako kunalipwa?"

"Kunalipwa. Bei yako ngapi?"

Sikio akasimama. Katika miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Ngoja nifikirie."

"Fikiria ukitembea," mama mkwe alisema.